Mizani ya jikoni: Kipimo kinachofichua lumbesa ya sahani

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA katika bucha lolote jijini Dar es Salaam utaona jambo moja: mnunuzi habandui macho yake kwenye mizani. Nusu kilo ni nusu kilo, na muuzaji akithubutu kupunja hata kipande kimoja, ugomvi huzuka papo hapo.

Mnunuzi huyo huyo akirejea nyumbani, habari ya mizani huishia mlangoni. Wali hupakuliwa hadi sahani ijae, mafuta humiminwa sufuriani kwa kukisia, na sukari huongezwa katika chai mpaka ulimi uridhike.

Ni kweli kwamba jikoni hakuna mfanyabiashara wa kumpunja. Hata hivyo, anayeshindwa kufahamu anakula kiasi gani huweza kujidhulumu mwenyewe, na deni hilo hulipwa kwa afya.

Makala haya yanaeleza namna mizani ndogo ya jikoni inavyoweza kumsaidia mtu mzima anayetaka kupunguza uzito, jinsi ya kuitumia kwa vyakula vyetu vya kila siku, na ni nani asiyepaswa kuitumia bila ushauri wa daktari.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani hupima uzito wa mtu mzima kwa kugawanya kilo zake kwa urefu wake katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25, mtu huyo ana uzito uliozidi. Likifika 30, ana unene wa kupindukia.

Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 80 hupata takribani 29, yaani amekaribia kabisa mstari wa unene wa kupindukia, ingawa majirani huenda wakamsifu kuwa amenawiri.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hali hiyo huonekana zaidi mijini, ambako wengi hushinda wamekaa ofisini, dukani au ndani ya daladala.

Uzito wa namna hiyo huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Kwa familia nyingi, ugonjwa mmoja kati ya hayo ni dawa za kila mwezi kwa maisha yote.

Macho ni shahidi asiyeaminika

Mtu anayesema "mimi sili sana, lakini sipungui" kwa kawaida hasemi uongo kwa makusudi. Tatizo ni kwamba macho na kumbukumbu havina uwezo wa kuhesabu chakula.

Mwaka 1992 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa nchini Marekani uliowahusu watu wanene waliodai kuwa hawapungui ingawa wanakula kidogo sana. Walipopimwa kitaalamu, ilibainika kuwa kwa wastani walikuwa wakila karibu mara mbili ya kiasi walichokitaja. Miili yao haikuwa na hitilafu waliyoidhania; makadirio yao ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Utafiti mwingine, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State na kuchapishwa mwaka 2002, uliwapa watu wazima makaroni yenye jibini kwa viwango tofauti, kuanzia gramu 500 hadi 1,000. Walipopewa kiwango kikubwa zaidi walikula kwa asilimia 30 zaidi kuliko walipopewa kidogo, na chini ya nusu yao ndio waliotambua kuwa viwango vilikuwa vikibadilishwa.

Maana yake ni kwamba sahani ikiwa kubwa, nasi tunakula kwa ukubwa wake, bila njaa kuwa imeongezeka.

Kutoka kibaba hadi gramu

Kupima chakula si jambo geni kwetu. Watu wa Pwani walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Ndipo ulipozaliwa usemi kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, vipimo vya ujazo vina udhaifu. Kikombe cha unga uliochotwa polepole na kikombe cha unga uliogandamizwa havilingani kwa uzito, ingawa vyote vimejaa. Wakulima wetu wanaujua vizuri udhaifu huo kupitia lumbesa, lile gunia linalorundikwa hadi kupita kipimo kinachokubalika kisheria, huku mnunuzi akililipia kama gunia moja.

Sahani nyingi mezani petu zimefungwa lumbesa. Tunaziita "sahani moja", kumbe zimebeba chakula cha watu wawili.

Kuchagua na kuhakiki mizani

Mizani za jikoni ni za aina mbili: za mshale, zinazotumia springi, na za kidijiti, zinazotumia betri. Za mshale hudumu, lakini ni vigumu kusoma tofauti ndogo. Kwa kazi hii, mizani ya kidijiti inayobeba hadi kilo 5 na kuonyesha gramu moja moja inatosha kabisa.

Kitu cha lazima ni kitufe cha kurudisha namba kwenye sifuri. Unaweka sahani tupu, unabonyeza kitufe, kisha unapakua. Namba inayosomeka ni ya chakula peke yake.

Ili kujua kama mizani yako ni ya kweli, tumia maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mililita 250 zina gramu 250. Weka chombo kitupu, rudisha sifuri, kisha mimina maji yaliyopimwa. Tofauti ya gramu chache si neno, lakini ikifika makumi ya gramu, badilisha betri au mizani yenyewe.

Aidha, mizani iwekwe juu ya meza tambarare na ngumu. Ikiwekwa juu ya kitambaa kinene au meza inayoyumba, itasema uongo kama macho yalivyosema.

Kipimo cha sufuria nzima

Swali linalowasumbua wengi ni kama wapime chakula kibichi au kilichopikwa. Jibu ni kwamba vyote viwili vinafaa, mradi visichanganywe. Gramu 100 za mchele mkavu zina takribani kilokalori 360, lakini gramu 100 za wali uliopikwa kwa maji matupu zina takribani 130, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito huo ni maji.

Kilokalori ndicho kipimo cha nguvu inayopatikana katika chakula, na ndicho ambacho wengi hukiita kalori kwa kifupi.

Kwa familia inayopika sufuria moja, njia nyepesi ni hii: pima sufuria ikiwa tupu na uandike uzito wake. Pima unga, mchele na mafuta kabla ya kupika. Chakula kikiiva, pima sufuria nzima, kisha ondoa uzito wa sufuria tupu.

Mwandishi wa makala haya aliijaribu njia hiyo nyumbani kwake. Unga wa mahindi gramu 500, wenye takribani kilokalori 1,800, ulitoa ugali wa gramu 1,450. Hivyo kila gramu 100 za ugali huo zilikuwa na takribani kilokalori 124.

Kisha alijipakulia kama alivyozoea, bila kutazama namba. Ugali ulikuwa gramu 560, sawa na kilokalori 695 hivi kabla ya mboga. Mchicha uliokuwa pembeni ulikuwa na gramu 70 tu.

Namba hizo mbili zilifundisha zaidi ya hotuba yoyote ya lishe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, bila kuhesabu viazi, mihogo na mizizi mingine yenye wanga. Kwa hiyo mizani haisemi "punguza" peke yake. Kwa mboga husema "ongeza".

Gramu hazilingani

Jambo la pili ambalo mizani hufundisha ni kwamba gramu za vyakula mbalimbali hazina nguvu sawa. Wanga na protini hutoa takribani kilokalori 4 kwa kila gramu, ilhali mafuta hutoa 9. Pombe nayo hutoa 7.

Kwa makadirio, gramu 100 za parachichi zina kilokalori 160, za chapati zina karibu 300, za karanga zina zaidi ya 550, na za mafuta ya kupikia zinakaribia 900. Gramu 100 za mboga nyingi za majani, kabla ya kuungwa kwa mafuta au nazi, hazifikishi hata 50.

Ndiyo maana mafuta ndicho kitu cha kwanza kupimwa. Weka chupa ya mafuta juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha mimina sufuriani na uirejeshe chupa. Namba itakayosomeka ikiwa na alama ya kutoa ndicho kiasi ulichotumia. Kijiko kimoja cha chakula ni takribani gramu 14, lakini mmimino wa kukisia huweza kufika gramu 40 kwa urahisi, yaani kilokalori 360, kiasi cha gramu 290 za ugali uliotajwa hapo juu.

Sukari nayo ina hesabu yake. Kijiko cha chai kilichosawazishwa juu hubeba takribani gramu 4, na kilichorundikwa hubeba zaidi ya hapo. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50, na ikibidi ishuke hadi 25. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwisha kutumia gramu 36 kabla ya kufungua soda.

Kuanza bila kujitesa

Katika wiki ya kwanza usipunguze chochote. Pakua kama kawaida, pima na andika kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na chakula bila daftari huongezeka bila habari.

Wiki ya pili, punguza wanga na mafuta kwa kiasi cha moja ya tano na uongeze mboga. Aliyezoea ugali wa gramu 560 atashuka hadi 450 hivi. Tumbo halitalalamika sana, kwa kuwa sahani bado imejaa. Kilichobadilika ni kilichoijaza.

Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha, na wengi hupungua taratibu zaidi ya hapo. Anayekimbilia kupunguza kilo kumi kwa mwezi hujinyima chakula ambacho mwili unakihitaji, na kwa kawaida kilo hizo hurudi.

Kwa wale wanaokula pamoja katika sinia, kupima fungu la kila mmoja ni vigumu, na kumtolea mgeni mizani ni kumkosea adabu. Hapo upawa ndio mkombozi. Pima mara moja upawa wako uliojaa wali una gramu ngapi. Ikiwa ni 120, basi pawa mbili ni gramu 240, na utaweza kukadiria hata kwenye sherehe.

Baada ya wiki tatu au nne za kupima, macho huanza kujifunza. Wakati huo mizani inaweza kurudi kabatini, ikatolewa mara moja moja kuhakiki kama mkono haujaanza tena kufunga lumbesa.

Tahadhari

Mizani hii si ya kila mtu. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasipunguziwe chakula bila maelekezo ya mtaalamu wa afya.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu kupunguza wanga bila kurekebisha dawa kunaweza kushusha sukari mwilini hadi kuhatarisha maisha.

Vivyo hivyo, mtu aliyewahi kusumbuliwa na hofu ya kula au mawazo ya kupita kiasi kuhusu umbo lake aiepuke mizani, kwani namba zinaweza kumzidishia tatizo. Na anayepungua bila kukusudia asifurahie. Aende hospitali, kwa kuwa kifua kikuu, kisukari na maradhi mengine huanza kwa dalili hiyo.

Mizani pia haijui ubora wa chakula. Gramu 100 za chipsi na gramu 100 za maharage kwake ni kitu kimoja. Kazi ya kuchagua inabaki kwa mlaji.

Kesho asubuhi utasimama tena buchani, macho yakiwa kwenye mizani, ukidai haki yako ya nusu kilo. Ni haki hiyo hiyo ambayo mwili wako unaidai kila jioni, wakati upawa unapozama sufuriani kwa mara ya tatu.