Bei ya Vespa Kuukuu

Sisi watu wa Unguja tunaosema "skuta" ni wachache. Tunasema vespa, na jina hilo tunakipa chombo chochote cha magurudumu mawili chenye sakafu ya kuwekea miguu, hata kikiwa kimetengenezwa India na kiwandani kikabandikwa jina jingine kabisa. Kwa Kitaliano vespa ni nyigu. Inasimuliwa kwamba Enrico Piaggio, mwenye kiwanda, alipoonyeshwa chombo hicho alisema kinafanana na nyigu, kwa kiuno chake chembamba na mlio wake, na jina likaganda hapo hapo.

Mambo haya sikuanza kuyatafuta kwa kupenda historia. Niliyatafuta kwa sababu ya bei. Mwaka juzi nilipokea mchezo, nami nikataka chombo cha kunifikisha kazini. Mimi ni mkunga. Zamu ya asubuhi huanza saa moja, na safari ya Fuoni hadi mjini, fupi ukiitazama kwenye ramani, ni ndefu kwa mtu anayesubiri daladala alfajiri huku akijua kuna mwenzake aliyekesha na anamngojea ampokee. Nilipoanza kuulizia vespa ya mkono wa pili, yenye injini ya sentimita za ujazo 150, bei niliyotajiwa haikuwa mbali na ile ya pikipiki mpya ya bei nafuu. Kitu kilichokwisha kutumika miaka thelathini! Nikajiuliza, hapa tunauziwa chuma au tunauziwa kitu gani?

Msomaji ataniambia: basi si ungenunua hiyo pikipiki mpya? Ningeinunua, lau si buibui. Mnyororo wa pikipiki na nguo ndefu havikai pamoja, na kuipanda kwenyewe ni kuinua mguu juu ya tangi mbele ya watu. Vespa unaingia kama unavyoingia mlangoni, unakaa kama uliye kitini, na mnyororo haina.

Wala mnyororo haukukosekana kwa bahati. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera kilikuwa kikitengeneza ndege, na katika Vita vya Pili vya Dunia kikabomolewa kwa mabomu. Vita vilipokwisha, barabara za Italia zilikuwa zimeharibika, watu hawakuwa na fedha za kununua magari, na mafundi wa ndege hawakuwa na kazi. Enrico Piaggio akataka chombo rahisi cha mtu wa kawaida. Kielelezo cha kwanza hakikumridhisha, akamwita Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyekwisha kujipatia sifa mwaka 1930 kwa helikopta yake. D'Ascanio hakupenda pikipiki hata kidogo. Aliona zinachafua nguo, tairi lake likipasuka ni taabu kulibadilisha, na kuzipanda ni adha. Basi injini akaifunika na kuiweka karibu na gurudumu la nyuma ili mnyororo usihitajike, gia akazileta mkononi, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja wa chuma, kama gurudumu la ndege, ili litoke upesi. Hati ya ubunifu huo iliandikishwa tarehe 23 Aprili 1946. Mtu yule hakuwa na habari ya buibui la Unguja, lakini kila alichokichukia katika pikipiki ndicho kinachotukera sisi wanawake mpaka leo.

Sasa nirudi kwenye bei, maana jibu lake nililipata India zaidi kuliko Italia. Kampuni ya Bajaj (ndiyo hiyo hiyo ambayo Watanzania tumeligeuza jina lake kuwa jina la chombo cha magurudumu matatu) ilianza kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leseni ilipokwisha mwaka 1971, ikaendelea kwa jina lake yenyewe, na mwaka uliofuata ikatoa Chetak, kwa jina la farasi wa Maharana Pratap. Serikali ya India wakati ule iliamua kila kiwanda kitengeneze kiasi gani. Watu walikuwa wengi, skuta chache. Mtu alijiandikisha, akalipa amana, kisha akasubiri miaka, wengine hata kumi. Matokeo yake ni kwamba skuta iliyokwisha kutumika ilikuwa ikiuzwa ghali kuliko mpya. Mpya ilikuwa na bei ya serikali lakini huipati. Kuukuu ilikuwa pale, umeishika kwa mkono. Aliyenunua alikuwa akilipia miaka asiyotaka kuisubiri.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwani sisi tumeyapitia. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1970, mtaani kwetu vespa ilikuwa ya mwalimu mkuu na ya karani mmoja wa bandarini, basi. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni hazikuwepo, na bila fedha za kigeni hakuna spea. Nimemwona fundi akichonga mpira kutoka kwenye tairi kuukuu la lori ili auweke mahali pa bushi ya injini. Anayeuza vespa haulizwi ina umri gani. Aliulizwa kama inatembea. Hata biashara ilipolegezwa katikati ya miaka hiyo, na vitu vikaanza kuingia kutoka Dubai na Bombay, mazoea yalibaki. Chombo kinachojulikana na mafundi wa mtaani hakiwi kikuukuu upesi.

Nilionyeshwa vespa mbili. Ya kwanza ilikuwa PX ya Italia, ile aina iliyoanza mwaka 1977, rangi yake ya samawati iking'aa kama sahani ya harusi. Dalali alinipokea kwa heshima zote.

"Karibu mama. Unamnunulia mzee?"

"Najinunulia mwenyewe, mwanangu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuisifu rangi. Fundi niliyekwenda naye, mzee wa Kwahani, hakuitazama rangi. Alishika injini kwa kiganja kwanza, kuona kama imewashwa kabla hatujafika, kwani injini ya moto huficha uvivu wa kuwaka. Ilikuwa baridi. Akapiga kiki mara mbili, ikawaka. Akalala chini kuitazama sakafu, mahali ambapo kutu ya hewa ya bahari huanzia. Akaiendesha gia ya pili akiipa mafuta na kuyaachia, kusikiliza kama gia inachopoka. Akaniambia, "Mwanangu, hii nzima."

Kilichobaki ni kadi. Jina lililokuwemo lilikuwa la marehemu baba yake muuzaji. Nikamuuliza yule kijana, mirathi imeshagawiwa? Akasema bado, lakini hakuna tatizo, yeye ndiye mkubwa. Ndugu zake? Dada yuko Pemba, atamwambia. Na mama? Mama yupo, hana neno. Nilimwambia kwamba mama yake ana thumni yake katika kile chombo, na dada yake ana fungu, na mimi siwezi kuendea kazini juu ya fungu la mjane asiyeulizwa. Waje wote, au waandike. Dalali alikasirika. Kijana hakukasirika; aliinamisha kichwa tu. Nilingoja wiki mbili, hakuna aliyekuja, na moyo uliniuma, kwa sababu chombo nilikipenda.

Ya pili ilikuwa LML ya Kanpur, pacha wa PX kwa umbo, kwani kampuni hiyo katika miaka ya 1980 ilianza kuzitengeneza kwa mapatano na Piaggio. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, imepakwa kwa brashi. Kiti kimeshonwa kwa turubali. Lakini namba ya chasi na ya kwenye kadi ni moja, mwenye jina yuko hai, na alikuwa akiiuza kwa sababu miguu haimruhusu tena. Nilipomwamkia na kumuuliza bei, alitaja milioni moja na laki sita, nami nikamwomba apunguze. Akapunguza laki moja, kisha akaingia ndani akatoka na kopo lenye waya wa klachi, plagi tatu na ringi mpya zikiwa bado katika karatasi. Laki moja aliyopunguza sikuithamini kama lile kopo.

Kwani hiyo ndiyo bei yenyewe. LML ilikwisha kufungwa. Bajaj iliacha Chetak ya petroli katika miaka ya 2000, na jina hilo liliporudi mwaka 2020 lilirudi kwa skuta ya umeme. Hakuna atakayetengeneza nyingine kama hii yangu, yenye moshi wake na harufu yake ya oili, na sisemi kwamba moshi ule ni kitu cha kusifiwa. Jirani yangu mwenye pumu nimemwahidi kuisukuma mpaka barabarani kabla ya kuiwasha. Nalipia spea zilizosambaa madukani, na vidole vya wazee wanaoijua.

Kila lita ya petroli naitilia mililita 20 za oili, kwa kichupa cha dawa ya watoto nilichokipiga alama kwa kalamu. Mwezi uliopita fundi aliniambia pistoni za saizi yangu zinaanza kuadimika. Nikamwomba anitafutie mbili. Amepata moja, ipo kabatini, chini ya kanga.