Wakimbizi wa milimani waliojifunza farasi ukubwani

Juma hili baba mmoja aliyekimbia vita ametuuliza: mtu aliyepita miaka arobaini, aliyezoea jembe tu, anaweza kujifunza pikipiki, ama atachekwa bure? Jibu lipo katika historia ya Lesotho, nchi ndogo ya milima iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini.

Miaka ya 1820 eneo lile liliwaka vita. Vijiji viliungua, ng'ombe wakanyang'anywa, njaa ikaingia. Mwaka wa 1824 chifu Moshoeshoe aliongoza watu wake mpaka Thaba Bosiu, mlima wenye kilele tambarare na kuta za mawe. Waliokimbia kutoka kila upande aliwapokea, na wengi akawaazima ng'ombe wa kukamua. Kutoka kwa wakimbizi hao lilizaliwa taifa la Wasotho.

Watu hao hawakuwa wapanda farasi. Walisafiri kwa miguu, walipigana kwa miguu. Farasi walimjua kwanza kupitia maadui: Wakora na Wagriqua walikuja wamepanda, wana bunduki, wakachukua mifugo na kutoweka.

Moshoeshoe alipata farasi wake wa kwanza karibu na mwaka wa 1830. Alikuwa amepita miaka 40, na ni chifu. Mtoto akianguka anacheka na kuinuka. Mtu mzima anaanguka mbele ya watu wake. Tena farasi anahisi hofu: ukikaza mwili na kuvuta kamba ovyo, naye anashtuka. Anayeanza humsogelea kwenye bega, si kwa nyuma, akamwacha anuse mkono. Akishapanda, analegeza kiuno na kutazama mbele anakokwenda. Hayo maneno matupu hayatoshi. Mwili wenyewe ndio unajifunza, siku kwa siku.

Farasi walipatikana kwa njia nyingi. Vijana waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya wazungu huko Cape walirudi nao, pamoja na ujuzi wa kuwatunza. Wengine walibadilisha ng'ombe na nafaka. Wengine, tusifiche, waliwateka. Baridi ya milima nayo ilisaidia: kule hakuna mbung'o, yule nzi ambaye magonjwa yake yanaua farasi sehemu nyingi za Kongo yetu.

Tarehe 20 Desemba 1852, jenerali Mwingereza Cathcart alivamia nchi hiyo kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Pale Berea alikutana na wapanda farasi Wasotho wapatao 6,000, wenye bunduki. Ilikuwa imepita miaka ishirini na kitu tu tangu farasi wa kwanza wa chifu. Waingereza walisukumwa nyuma. Lakini usiku uleule Moshoeshoe alituma barua ya kuomba amani, na jenerali akaondoka. Aliyejifunza kupanda alijua pia kusimamisha.

Leo nembo ya taifa la Lesotho ina farasi wawili, na katika vijiji vya juu kabisa watu bado wanakwenda sokoni na hospitalini kwa farasi.

Basi baba uliyeuliza, tafuta kijana mwenye subira, hata kama ni rika la mtoto wako, akufundishe. Anza asubuhi, mahali pasipo na magari. Utaanguka, na watu watacheka. Inuka, panda tena.