Mkizi na Sanduku la Kura

Leo twende Florida, Marekani, ambako mkizi huruka majini kama huyu wetu wa methali. Tarehe 8 Novemba 1994, siku waliyomchagua gavana, wananchi wa huko walipigia kura pia wavu. Naam, wavu! Zaidi ya asilimia 70 walikubali katiba ya jimbo ipige marufuku jarife katika maji ya pwani, kuanzia 1 Julai 1995.

Waliolilia marufuku hiyo ni wavuvi wa mshipi, wale wanaokodi nahodha na mashua yake, wakavua kwa starehe karibu na ufuko, pengine wakamrudisha samaki baharini baada ya picha. Walisema jarife linamaliza samaki. Sikatai. Lakini mimi niliyelelewa kwa samaki wa jarife nauliza: mvuvi wa kijiji angeshindaje kura na wapiga kura wa mijini?

Serikali ilinunua nyavu zao. Huko Cedar Key baadhi walifundishwa kufuga kombe, na wakafanikiwa. Waliong'ang'ania mkizi walirudia kimia, wakirusha kwa mkono.