Nywele za Uzi: Historia ya Kichwa cha Mwanasesere wa Kitambaa

Mwanasesere wa kitambaa huoza, hulowa, huchanika na kutupwa, na katika mwili wake wote nywele ndizo hutangulia kupotea. Mtoto huzivuta, nondo huzila, mshono unaozishika hukatika. British Museum ya London inahifadhi mmoja wa Misri ya enzi za Warumi, aliyeshonwa kati ya karne ya 1 na ya 5 kwa kitani kizito na kujazwa matambara na mafunjo. Sura yake imefutika. Kando ya kichwa umebaki ushanga mdogo wa kioo wa rangi ya buluu, unaodhaniwa kuwa pambo la nywele. Huko huko Misri, miaka ipatayo 2000 kabla ya Kristo, kulikuwa na sanamu bapa za mbao zenye nywele za shanga za udongo zilizotungwa kwenye nyuzi, ingawa wataalamu wengi hawaamini kwamba zilikuwa za kuchezea. Nchini Peru, makaburi ya watu wa Chancay, walioishi kati ya mwaka 1000 na 1470 hivi, yametoa vinyago vilivyofumwa vyenye nywele za nyuzi. Ukavu wa jangwa ndio uliovihifadhi. Penye mvua na mchwa kazi ya namna hiyo haikuacha alama.

Habari kamili zaidi zinapatikana Marekani ya karne ya 19, hasa majimbo ya kaskazini-mashariki yaliyojaa viwanda vya nguo. Pamba iliyofumwa huko bila kupaushwa, ile iliyouzwa Zanzibar kwa jina la merikani, ndiyo iliyokuwa pia ngozi ya mwanasesere wa nyumbani. Lakini mafundi wa kwanza waliojulikana kwa majina hawakumpa nywele za uzi. Izannah Walker wa Rhode Island, aliyepata hataza mwaka 1873, alipaka kichwa cha kitambaa rangi ya mafuta na kuchora misokoto ya nywele kwa brashi. Martha Chase, wa jimbo hilo hilo, alifanya hivyo pia mwishoni mwa karne, akiiacha rangi nene ili mipigo ya brashi ionekane kama nywele zilizochanwa. Kichwa kilichopakwa rangi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kutakata, na Chase aliuthamini sana usafi. Katika miaka ya 1890 kiwanda cha Arnold Print Works cha Massachusetts kilikwenda mbali zaidi: kilichapa mwanasesere mzima juu ya kitambaa, nywele zikiwemo, mnunuzi akabaki na kazi ya kukata, kushona na kujaza.

Nywele za kuchorwa zina kasoro ambayo mtoto huigundua siku ya kwanza: hazisukiki. Jibu lilitoka nyumbani, kwenye kapu la mshonaji. Soksi ya sufu iliyotoboka ilifumuliwa, uzi wake uliojikunja ukageuzwa nywele. Kwa kuwa waliofanya hivyo hawakuomba hataza wala kutia saini, historia iliyoandikwa imewapunja.

Walioipeleka kazi hiyo mbali kuliko wote ni wanawake Weusi wa Marekani, wengi wao majina yao hayajulikani. Mkusanyo wa Deborah Neff una wanasesere Weusi zaidi ya 100 walioshonwa kwa mkono kati ya miaka ya 1850 na 1940 hivi, na umeonyeshwa San Diego, Paris na New York. Wapo wenye nywele za manyoya ya kondoo na wapo wenye nywele za uzi. Wanasesere watatu wa kitambaa wanahusishwa na mikono ya Harriet Jacobs, aliyetoroka utumwani North Carolina, akawa yaya wa familia ya Willis huko New York, na kuchapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1861. Inasemekana aliwashonea watoto wa familia hiyo. Anayevitazama vitu hivi hawezi kuviita matambara tu. Fundi aliyetafuta uzi unaofanana na nywele zake mwenyewe, wakati ambapo picha za magazetini zilimchora mtu Mweusi kama kichekesho, alikuwa akitoa hoja nzito kwa sindano.

Nywele za uzi ziliingia katika biashara kubwa kupitia Johnny Gruelle, mchoraji wa katuni aliyepata hataza ya umbo la Raggedy Ann tarehe 7 Septemba 1915. Kitabu cha hadithi zake kilitoka mwaka 1918, na mwanasesere mwenyewe akauzwa sambamba nacho. Sifa ya Raggedy Ann ni uzi mwekundu uliosimama ovyo kichwani, ijapokuwa wa miaka ya mwanzo wengi walikuwa na uzi wa rangi ya kahawia. Baadaye michoro ya kumkata na kumshona iliuzwa kama michoro ya magauni, na kina mama wengi wakajifunzia hapo kushona nywele.

Njia za kushona ni chache, na zote hupambana na mkono wa mtoto. Iliyo rahisi ni kuzungusha uzi juu ya kipande cha ubao au kitabu, kuuvua, kisha kupiga mshono katikati ya fungu lote. Mshono huo ndio unaokuwa njia ya nywele. Fungu hulazwa kichwani na kushonwa tena kwa mshono wa kurudi kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ncha zikasukwa mikia miwili. Udhaifu wake huonekana mtoto anapoifumua mikia hiyo: chini kuna upara mweupe. Fundi makini huizuia aibu hiyo kwa kukipaka kichwa rangi ya uzi kabla ya kuanza. Njia ya pili ni ya vitanzi. Sindano huacha kitanzi, kisha hupiga mshono mdogo wa kukifunga, hivyo hivyo safu kwa safu. Mtoto akivuta kimoja, jirani yake hakifumuki. Ya tatu ni kufuma kofia ya krosheti iliyobana kichwa, na kufunga uzi mmoja mmoja kwenye matundu yake, kama matamvua yanavyofungwa kwenye shali. Hiyo hula uzi mwingi, na uzi una uzito: nywele zikizidi, shingo hulegea na kichwa huanguka kifuani.

Ulaya ilikuwa na malighafi nyingine, moheri, manyoya marefu yanayong'aa ya mbuzi wa Angora. Mbuzi hao walikuwa fahari ya Uturuki. Mwaka 1838 walipelekwa Afrika Kusini madume 12 na jike mmoja. Madume walikuwa wamehasiwa ili wasizae, lakini jike alikuwa na mimba, akazaa dume safarini. Leo Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa moheri. Kampuni ya Lenci, iliyoanzishwa Turin mwaka 1919, ilishona moheri moja kwa moja kwenye vichwa vya sufu iliyoshindiliwa. Wanasesere wa shule za Waldorf, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart mwaka huo huo, bado hushonewa nywele za moheri au sufu, kwa imani kwamba mtoto ashike vitu vya asili.

Mwaka 1950 kampuni ya DuPont ilianza kuuza nyuzi za akriliki. Nondo hawali akriliki, nayo huvumilia kufuliwa kuliko sufu, ikawa uzi wa kawaida wa nywele za wanasesere. Ndipo alipotokea Xavier Roberts wa Georgia, akashona watoto laini wa kitambaa; msanii wa Kentucky, Martha Nelson Thomas, aliyekuwa akitengeneza wanaofanana nao kabla yake, alimshtaki, na kesi ikamalizika kwa maelewano. Mwaka 1983 kampuni ya Coleco iliwatoa kwa jina la Cabbage Patch Kids, kichwa cha plastiki na nywele za uzi, na wazazi wakasukumana madukani kuelekea Krismasi. Baadaye ilitoa aina yenye nywele ndefu za kuchana, iliyopewa jina la ndevu za mahindi. Wasichana wa Afrika Mashariki wamezisuka ndevu hizo hizo kwenye hindi changa bila kununua chochote.

Nywele za kipilipili zilichelewa sana viwandani. Makampuni mengi yalipaka tu rangi ya kahawia wanasesere wa Kizungu. Shindana, kampuni iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1968 na kuchukua jina lake kutoka Kiswahili, ilimtoa Baby Nancy, ambaye baadaye alipewa nywele za afro; ilikuwa pia na mwanasesere aliyeitwa Malaika. Washonaji wa leo hutumia uzi wa bukle, wenye vifundo vilivyojikunja tangu kiwandani, au huzungusha akriliki kwenye vijiti, huinyunyizia maji na kuikausha kwa joto la kadiri ili mikunjo ishike. Joto likizidi akriliki huyeyuka. Kwa wauzaji wa Ulaya kuna sharti la ziada: kiwango cha usalama cha EN 71 hupima jinsi nywele za mwanasesere zinavyoshika moto.