Chachu ya wazee wetu

Kabla neno « probiotiki » kufika kwetu Butembo na Beni, mama zetu Wanande walijua tayari kazi ya chachu. Hawakuwa na mikroskopi, lakini walijua kuhesabu siku.

Tuanze na muhogo. Ule muchungu uko na sumu. Mama anauloweka siku 3 ao 4, vijidudu vinaulainisha, sumu inatoka. Kisha anauanika na kuutwanga. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya konzo, ugonjwa wa Kwango unaolemaza miguu. Baadaye ilijulikana kwamba unapata watu wanaokula kila siku muhogo muchungu ambao haukutayarishwa vizuri. Vita na njaa vinafundisha watu haraka, lakini zile siku za maji si za kupunguza.

Hata hivyo, tusidanganyane: bugali ikipikwa, vijidudu vinakufa. FAO na OMS walieleza mwaka 2001 kwamba probiotiki ni vijidudu hai, vya kutosha, vyenye kuleta faida kwa afya. Kasiksi iko na chachu hai, ndiyo, lakini ni pombe, tusiiite dawa.

Kinachobaki karibu zaidi ni maziwa ya kuganda. Tuyachemshe kwanza, yapoe kidogo, tutie kijiko cha yale ya jana, tufunike mpaka kesho. Kikombe kimoja pembeni ya maharagi kinatosha kuanzia. Watoto wetu wajifunze hayo nyumbani, kabla hawajayanunua dukani kwa bei kali.