Marekani: Watoto wanatengeneza mishumaa na siagi ili kujua historia, lakini zamani kazi hiyo ilifanywa na nani?

Katika shule nyingi za msingi za Marekani, wakati wa ukoloni wa Waingereza haufundishwi kwa kitabu peke yake. Watoto wanashika kazi. Wanamwaga mafuta ya maziwa ndani ya chupa, wanafunga kifuniko na kutikisa mpaka siagi ijitenge. Wengine wanachovya uzi ndani ya nta ya moto, wanauacha upoe, kisha wanauchovya tena na tena. Mikono inachoka, na mshumaa bado ni mwembamba. Hapo mtoto anaelewa kwamba zamani mwanga wa usiku mmoja ulidai kazi nyingi.

Wanatengeneza pia kibao cha kusomea kwa karatasi ngumu. Kile cha zamani kilikuwa cha mbao, chenye mkono wa kushikia. Juu yake palibandikwa herufi na sala ya Baba Yetu, kisha utando wa pembe ili karatasi isichafuke. Baadaye wanajaribu kuandika kwa unyoya wa bata na wino.

Masomo hayo ni mazuri. Hatari yake ni mtoto kurudi nyumbani akidhani kila familia ilijifanyia kazi zake zote. Williamsburg, mji mkuu wa Virginia tangu 1699 hadi 1780, karibu nusu ya wakaaji wake walikuwa watu weusi, na karibu wote walikuwa watumwa. Katika nyumba za matajiri, hao ndio waliopika, kuteka maji na kufua.

Hata ule unyoya una habari yake. Tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono, katika Carolina ya Kusini, watumwa waliasi wakiongozwa na mtu aliyeitwa Jemmy. Wanahistoria wengi wanaona kwamba viongozi wao walitoka ufalme wa Kongo, ambao ardhi yake leo imegawanyika kati ya Angola na Kongo zote mbili. Uasi ulizimwa kwa damu. Mwaka 1740 sheria mpya ilipiga marufuku ngoma zao, na mtu aliyemfundisha mtumwa kuandika alitozwa faini ya paundi 100.

Kumlazimisha mtoto aigize utumwa si dawa. Kunaumiza na kudhalilisha. Kuna njia iliyo bora: baada ya siagi na mishumaa, mwalimu awape wanafunzi orodha ya mali ya marehemu wa wakati ule. Orodha nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa. Ndani yake, kati ya ng'ombe, sufuria na vitanda, wanakuta majina ya watu, kila jina na bei yake.

Mtoto ambaye mikono yake imechoka kwa kutikisa chupa atalisoma jina hilo kwa namna nyingine. Na kwa msomaji wa Kongo, huenda jina hilo lilikuwa la mtu wa kwao.