Wawili wa Kampala Waliovuka Mutukula

Ukitaka kuanzisha ubishi katika mitaa ya Bukoba, iwe Kibeta, Hamugembe au Rwamishenye, mbele ya watu waliokuwa vijana kati ya 2008 na 2018, uliza jambo moja tu: wimbo upi wa Radio na Weasel uwekwe kwanza? Mmoja atasema "Nakudata". Mwingine atasema "Bread and Butter". Wa tatu atawaambia wote hamjui muziki, kisha atataja "Magnetic". Hutamsikia anayeuliza Radio na Weasel ni akina nani. Kwa miaka kumi vijana hao wa Kampala walikuwa wasanii wa nyumbani hapa Bukoba, na aliyewaleta ni shabiki mwenyewe, kutoka mkono hadi mkono.

Moses Ssekibogo, aliyejulikana kama Mowzey Radio, na Douglas Mayanja, ndiye Weasel, walianzia chini ya mwavuli wa Leone Island, kundi la Jose Chameleone, kaka yake Weasel. Mwaka 2008 walijitoa wakaanzisha lao, Goodlyfe. Radio alikuwa na sauti laini ya kupanda, inayobembeleza na kulalamika kwa pumzi moja. Weasel aliingia na sauti nzito yenye mikwaruzo, akichana kwa mtindo wa raga. Nyuma yao, studioni, ilitosha kompyuta, kinanda cha umeme na fundi aliyejua kuipanga midundo.

Hapo ndipo mashabiki huwa tunarefusha maneno, nami sitajizuia. Muziki wa watu wawili na mashine una ukoo mrefu. Mwaka 1981, jijini London, Neil Tennant na Chris Lowe walikutana katika duka la vifaa vya umeme. Baadaye dunia ikawajua kama Pet Shop Boys: huyu anaimba, yule yuko kwenye kinanda, basi. Miaka hiyohiyo huku kwetu wimbo wa dansi ulihitaji wapiga magitaa, besi, tumba, tarumbeta, waimbaji wanne au watano, na gari la kuwabeba wote. Studio za kompyuta zilipoenea kuanzia miaka ya 1990, vijana wawili wasio na bendi wala mfadhili mkubwa wakaweza kutoa wimbo wa kuchezeka ukumbini. Wengi walifanya hivyo na mashine ikawameza. Goodlyfe, mashine haikuwameza. Sikiliza "Heart Attack": vinanda vinawaka kama disko la Ulaya, lakini anayeushika wimbo ni Radio, na namna anavyoivuta silabi ya mwisho ni ya Kiganda tupu.

Kutoka Bukoba hadi Mutukula, mpakani na Uganda, ni kilomita 80 hivi, na njia inapita kwenye daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalilibomoa daraja hilo mwaka 1978, na familia nyingi za mkoa huu bado zinaikumbuka vita ile kwa majina ya waliowapoteza. Kwamba miaka thelathini baadaye vijana wa familia hizohizo walikesha wakicheza nyimbo za Kampala ni jambo ninaloliona kubwa kuliko tuzo yoyote. Lakini udugu ulikuwapo kabla ya vita. Kihaya na Kiganda ni lugha za ukoo mmoja, na mtu wa Missenyi, huko mpakani, hahitaji mkalimani kumwelewa Radio anapoimba mapenzi. Redio binafsi zilipoanza Uganda mwaka 1993, mawimbi hayakusimama Mutukula kugongewa pasipoti. Kisha Chameleone akaja na nyimbo zake za Kiswahili, na mdogo wake alipotokea, mlango ulikuwa wazi.

Nyimbo zenyewe zilisafiri kwa basi. Aliyekwenda Masaka au Kampala kununua nguo za kuuza alirudi na CD moja ya MP3 iliyosheheni nyimbo kwa makumi. CD hiyo ilifika kwenye kibanda cha kuchoma nyimbo, ikanakiliwa, na baada ya siku chache ilikuwa inasikika saluni na kwenye daladala za kwenda Muleba. Asiyekuwa na hela ya kibanda alitumia Bluetooth: simu mbili zimelala sambamba juu ya benchi, wenyewe wanasubiri, wimbo ukikatika unaanza upya. Katika kusubiri huko ndipo ushabiki ulipokua. Ulimweleza mwenzako kwa nini wimbo huu, na yeye akakupa ule ambao hukuwa nao. Wasanii hawakupata senti katika biashara hiyo, na hilo ni deni halisi tunalodaiwa. Mwaka 2013, walipoteuliwa kuwania tuzo za BET za Marekani, sisi tulikuwa tumeshawapigia kura zamani.

Kelele za midundo ya kompyuta hazikuifukuza ngoma ya Kihaya. Saida Karoli, akiimba kwa Kihaya, alikuwa ameitikisa nchi nzima mwaka 2001 kwa "Maria Salome", na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa midundo ya kisasa, wakauita "Salome". Tanzania nayo ilipata wawili wake, Aika na Nahreel wa Navy Kenzo. Nahreel mwenyewe ndiye fundi wa mitambo. "Game", walioimba na Vanessa Mdee mwaka 2015, ulitukuta masikio yetu yameshafunzwa na Goodlyfe.

Mowzey Radio alifariki tarehe 1 Februari 2018, baada ya kujeruhiwa katika ugomvi kwenye baa huko Entebbe. Alikuwa na miaka 33. Weasel anaendelea kuimba, na namheshimu kwa hilo, ingawa kila wimbo wake mpya nausikiliza nikisubiri sauti ya pili iingie.

Nyimbo zao kubwa ziko mtandaoni na hazitapotea. Mikusanyiko ya zile za pembeni, za matangazo, zile ambazo DJ wa Kampala amezichanganya na sauti yake imo katikati, imebaki kwenye memori kadi zilizosahaulika kabatini. Mwenye nayo aitafutie simu inayoisoma, anakili yote, kisha ampe na jirani.